Maswali ya Wasomaji: Kuhamisha Modeli za Majengo Kutoka Wingu Moja Hadi Jingine

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Ofisi yetu ya usanifu majengo ipo Capripoint. Kwa miaka kadhaa modeli zetu za Revit, programu ya kuchora majengo, zimekaa kwenye BIM 360, jukwaa la winguni la Autodesk, kwenye akaunti ya kampuni mshirika. Mkataba unaisha, nasi tumefungua akaunti yetu wenyewe ya Autodesk Construction Cloud. Modeli ni 140 hivi. Kijana wetu alianza kuzipakua moja moja kwa kivinjari na kuzipandisha upya. Zinafunguka, ila linki zote (modeli moja kuonyeshwa ndani ya nyingine) bado zinaitafuta akaunti ya zamani, na kazi ya wiki ya mwisho haimo. Je, kuna namna ya kuipa kompyuta kazi hii yote? (Msomaji, Capripoint, Mwanza)

JIBU: Ipo, na kwa modeli 140 hatuwashauri mwendelee kwa mkono hata mkiwa na vijana watatu. Ila kabla ya skripti, mwelewe kwanza kilichompata kijana wenu. Modeli ya Revit iliyofanyiwa kazi winguni si faili lililolala kwenye folda. Ina vitambulisho viwili, GUID ya mradi na GUID ya modeli, na linki hushika vitambulisho hivyo, si jina la faili. Mkiipandisha mahali papya inapewa GUID mpya, huku modeli nyingine zote zikiendelea kuiulizia kwa ile ya zamani. Tena kivinjari huwapa toleo lililochapishwa mara ya mwisho. Wabunifu wanaweza kuwa wamesinki, yaani wametuma kazi yao kwenye modeli ya pamoja winguni, mara nyingi baada ya hapo. Kama hakuna aliyechapisha, kazi hiyo haimo kwenye mlichopakua. Hakuna kilichoharibika, mmechukua nakala ya zamani tu.

Kwa hiyo kusafirisha data ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni kutunza jedwali linalosema GUID hii ya zamani sasa ni GUID hii mpya, kisha kulitumia kuunganisha linki upya. Ofisi inayolikosa jedwali hilo inaishia kubofya linki kwa linki kwa wiki nzima.

Anzeni na orodha. API ya Autodesk ya kusimamia data, yaani mlango ambao skripti hupitia kuongea na seva, hukuruhusu kutembea kutoka akaunti hadi mradi, hadi folda, hadi kila faili na matoleo yake. Skripti fupi ya Python inatosha. Kwa kila modeli andika kwenye CSV (faili la jedwali): jina, njia ya folda, toleo la Revit, GUID ya mradi, GUID ya modeli, kama ni ya watu wengi au ya mtu mmoja, ukubwa, na tarehe ya kuchapishwa. Acha safu mbili tupu kwa ajili ya GUID mpya. Vitu viwili huwakwaza wengi hapa. Yaliyomo kwenye folda huja kwa kurasa, hadi vitu 200 kwa ukurasa, na skripti isiyofuata ukurasa unaofuata itakupa orodha pungufu bila kulalamika. Pili, namba za akaunti na mradi kwenye API hiyo hutanguliwa na herufi b na nukta. Revit inataka GUID tupu, kwa hiyo herufi hiyo iondolewe.

Orodha ikikamilika, ndipo Revit yenyewe iingie kazini. Msipitie njia ya kupakua faili. Mfungue modeli moja kwa moja kutoka winguni kwa GUID zake, maana ukifungua hivyo unapata kila kilichosinkiwa, kiwe kimechapishwa au la. Kuna programu huria isiyolipiwa, Revit Batch Processor, ambayo hupokea orodha ya modeli, hufungua moja baada ya nyingine na kuendesha skripti yako ya Python juu ya kila moja. Kwa modeli za winguni, kila mstari wa orodha huwa na toleo la Revit, GUID ya mradi na GUID ya modeli. Ichagulie kufungua modeli ikiwa imetengwa na modeli kuu lakini seti za kazi zimebaki. Mkisahau hilo la seti za kazi, mpangilio wote wa nani anashika sehemu gani unapotea, na kuurudisha kwenye jengo la ghorofa sita ni kazi ya siku kadhaa.

Modeli ikishafunguka, amri ni SaveAsCloudModel. Inadai vitu vinne: GUID ya akaunti mpya, GUID ya mradi mpya, kitambulisho cha folda na jina la modeli. Kitambulisho cha folda ni ule mstari mrefu unaoanza na urn:adsk. Unachukuliwa mzima, haukatwi. Ikimaliza, iulize modeli njia yake mpya ya winguni, toa GUID zake, na uandike kwenye jedwali papo hapo kabla ya kufunga. Mstari uandikwe baada ya kufaulu tu, si kabla. Hilo ndilo litakalowaambia asubuhi ni modeli zipi bado.

Linki zisiguswe kwenye awamu hii. Watu hujaribu kuhamisha kwanza modeli zisizo na linki, kisha zile zinazozitegemea, lakini kwa majengo mpangilio huo haupo: modeli ya msanifu inalinki ya mhandisi, na ya mhandisi inalinki ya msanifu. Pandisheni zote 140 kwanza, jedwali lijae, ndipo awamu ya pili ianze.

Kwenye awamu ya pili mnafungua kila modeli mpya, safari hii bila kuitenga, na kukusanya linki zake zote za Revit. Kila linki hubeba rejea yenye GUID ya modeli inayoitafuta. Itafuteni GUID hiyo kwenye jedwali, kisha iambieni linki ileile ijipakie kutoka njia mpya kwa amri ya LoadFrom. Msilinganishe kwa majina. Kwenye miradi kumi kutakuwa na modeli kumi zinazoitwa STR, na mtajikuta nguzo za hosteli ya Nyegezi zimesimama ndani ya zahanati. Wala msifute linki na kuingiza mpya: linki iliyofutwa inaondoka na mahali pake, vipimo vilivyoishika na vipengele vilivyonakiliwa kwa kufuatiliwa. LoadFrom haikubali kuitwa ndani ya transaksheni (fungu la mabadiliko ya modeli) iliyo wazi, kwa hiyo skripti iliyozoea kufungua transaksheni mwanzoni itakataliwa hapo. Baada ya linki zote, sinkini, achieni umiliki wa kila kitu, funga.

Muda huu upangwe. Mkihesabu dakika 10 kwa modeli kwa kila awamu, modeli 140 ni dakika 1,400, yaani saa 23 na dakika 20. Awamu mbili zinakaribia saa 47. Kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 2 asubuhi mna saa 62. Inatosha, na inabaki nafasi ya kurudia zilizokwama, lakini haitoshi kwa kujifunza njiani. Jaribuni wiki moja kabla kwa modeli tatu zinazolinkiana: ya msanifu, ya mhandisi na ya mifumo ya maji na umeme. Ijumaa jioni kila mtu asinki, aachie vipengele anavyoshikilia na afunge. Kisha mradi wa zamani uwe wa kutazama tu. Mtu mmoja akiendelea kuchora kule Jumamosi, kazi yake inabaki kule.

Akaunti inayoendesha skripti iwe na ruhusa ya kuhariri kwenye folda za pande zote mbili, na leseni ya BIM Collaborate Pro. Bila leseni hiyo modeli ya watu wengi haifunguki.

Mwisho, uhakiki. Skripti iandike kwa kila modeli, ya zamani na mpya, idadi ya vipengele, seti za kazi, shiti, maonyo, linki zilizopo na linki zilizopakiwa. Mfano wa mstari wa kutilia shaka ni huu: linki 6, zilizopakiwa 5. Mara nyingi ile ya sita ni ya mifumo ya maji, inakaa kwenye mradi wa mshirika mwingine ambako akaunti yenu haina ruhusa, wala haikuwamo kwenye orodha yenu tangu mwanzo. Hiyo haitatuliwi kwa skripti, ni ya kumpigia simu mwenye modeli kabla mkataba haujaisha. Angalieni pia nukta ya upimaji. Kwa viwanja vya Mwanza mjini vilivyowekwa kwenye UTM (mfumo wa namba za mahali kwenye ramani) kanda 36 Kusini, kaskazini isomeke 9,720,000 hivi na mashariki 490,000 hivi, kwa mita. Namba zikiwa sifuri, au zikitofautiana na za modeli ya zamani hata kwa milimita, simamisheni hapo hapo.

Historia ya matoleo, masuala yaliyofunguliwa na alama zilizochorwa juu ya shiti havisafiri na modeli. Viandalieni ripoti za PDF na CSV kutoka akaunti ya zamani mkiwa bado na ruhusa. DWG, picha na jedwali la maelezo ya vipengele zinazosomwa kutoka seva ya ofisi nazo zina njia zake, ziorodhesheni pembeni.

SWALI: Nilipakua modeli ya RVT kwenye jukwaa la winguni, Revit inasema faili si sahihi. Nimepakua mara tatu, ukubwa ni uleule. Je, imeharibika? (Msomaji, Ilemela)

JIBU: Haijaharibika. Modeli iliyochapishwa pamoja na linki zake hutolewa ikiwa imefungwa pamoja nazo katika ZIP, ila jina linabaki na RVT mwishoni. Ifungue kwa kihariri cha maandishi: ukiona herufi mbili za mwanzo ni PK, ni ZIP. Badilisha mwisho wa jina uwe zip, ifumue, na ndani utakuta modeli kuu na za linki. Kwa faili nyingi, skripti isome baiti mbili za kwanza za kila faili na kufumua zenye PK. Maelezo ya toleo kwenye API nayo yana sehemu inayosema kama modeli ni ya mkusanyiko, unaweza kuisoma kabla hata ya kupakua.

SWALI: Intaneti yetu hapa Nyakato hupandisha Mbps 10 siku nzuri, na umeme hatuwezi kuuahidi. Tuna modeli 60, wastani wa MB 400. Je, tutaweza? (Msomaji, Nyakato)

JIBU: Tuanze na hesabu. Modeli 60 kwa MB 400 ni GB 24. Kwa Mbps 10, kupandisha pekee ni sekunde 19,200, yaani saa 5 na dakika 20 kama laini haitetereki hata kidogo. Haipo laini ya hivyo. Panga saa 8 hadi 10. Ongeza kushusha zile GB 24 kutoka akaunti ya zamani, na awamu ya linki inaweza kuzishusha tena.

Inawezekana, lakini kuna njia tunayoipenda zaidi: kodi kompyuta ya Windows kwenye kituo cha data, iliyo katika eneo lilelile ambalo data ya mradi inahifadhiwa, kwa mfano Marekani au Ulaya. Weka Revit humo baada ya kusoma masharti ya leseni yenu, na uiongoze kutoka Nyakato kwa dirisha la mbali. GB zote zinatembea huko huko kati ya seva na seva; Mwanza inakuja picha ya skrini tu, ambayo hata bando la simu linaibeba. Laini ikikatika kazi inaendelea bila nyinyi. Ila funga dirisha tu, usijitoe kwenye akaunti ya kompyuta ile, maana ukijitoa Revit inafungwa na kila kitu.

RAM ikodiwe ya kutosha. Kanuni ya kazi ni mara 20 ya ukubwa wa faili: modeli ya MB 400 inataka GB 8 kwa ajili yake pekee, mbali na Windows. Kwa kompyuta ya kukodi GB 32 ni salama. Na uiagize programu ifunge na kufungua Revit upya kwa kila modeli. Inapoteza dakika chache, lakini Revit iliyofungua modeli ishirini mfululizo hushikilia kumbukumbu hadi inaanguka.

Kama lazima ifanyike ofisini, UPS ishike vyote viwili, kompyuta na ruta. Ofisi nyingi huweka UPS kwenye kompyuta tu, umeme unakatika, kompyuta inabaki inawaka ikipandisha kwenye intaneti ambayo haipo. Umeme ukirudi usiamini jina la modeli lililoonekana kwenye folda, amini jedwali. Kama GUID mpya haijaandikwa, futa ile nusu na urudie, kwa sababu jina lile likibaki jaribio la pili litakataliwa. Na msipange uhamisho siku ya mwisho ya mkataba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, intaneti ikazorota nchi nzima, na siku ya namna hiyo hamna la kufanya.

SWALI: Shikamooni. Skripti yangu huanza vizuri saa 3 usiku, asubuhi naikuta imesimama. Mara modeli ya tisa, mara ya kumi na nne. Kumbukumbu za seva nazo zinaonyesha saa ambazo sikuwa hata nimeanza. (Msomaji, Geita)

JIBU: Marahaba. Tuanze na saa. Seva huandika muda wa UTC, ambao uko saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki. Ukiona 20:40 yenye Z mwishoni, kwetu ni saa 5 na dakika 40 usiku. Linganisha hivyo na utaona mambo yanavyofuatana.

Kusimama kwenyewe kuna sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni kisanduku cha ujumbe: linki haikupatikana, fonti haipo, modeli ina maonyo. Revit inasubiri mtu abofye, na usiku hakuna mtu. Sikiliza tukio la DialogBoxShowing na ulijibu kwa skripti, na kwa makosa ya ndani ya modeli sikiliza FailuresProcessing. Usibofye OK kwa kila kitu kibubusa. Andika jina la kila kisanduku kwenye kumbukumbu yako, na kile usichokijua modeli yake irukwe na kuachwa kwa asubuhi. Kisanduku kinachouliza kama kifute vipengele kikijibiwa ndiyo, utakuja kulia.

Ya pili ni tokeni, yaani kibali cha muda ambacho seva huipa skripti. Ile ya kuingilia hudumu saa moja. Modeli ya tisa au ya kumi na nne inategemea tu ni ipi iliyoikuta saa hiyo imetimia. Omba mpya kabla haijaisha, kila dakika 50 kwa mfano. Angalizo: tokeni ya kuhuishia hutumika mara 1 tu. Ukiwa na skripti mbili zinazosoma faili moja la tokeni, ya kwanza ikihuisha, ya pili inafungiwa nje. Kila skripti iwe na yake.

Ya tatu ni jibu namba 429, seva ikikuambia umeuliza mara nyingi mno. Jibu hilo huja na muda wa kusubiri. Usome, usubiri, urudie. Skripti inayorudia papo hapo huongeza foleni ya kuzuiwa.

SWALI: Kwa kuwa tunahama, je, tupandishe pia toleo la Revit kutoka 2022 hadi 2025 kwa mkupuo mmoja? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Msifanye. Modeli ikipandishwa toleo hairudi nyuma, na likitokea kosa hamtajua limeletwa na uhamisho au na toleo. Hameni na 2022, hakikini, fanyeni kazi wiki mbili, ndipo mpandishe. Kwa milima ya mawe ya hapa kuna sababu ya ziada: Revit 2024 ilileta Toposolid badala ya uso wa ardhi wa zamani. Nyuso za zamani zinabaki kuonekana lakini hazihaririki hadi mzigeuze, na penye miamba iliyokatwa na misingi ya ngazi mtahitaji jicho la mtu kwa kila kiwanja. Tena Revit 2025 inatumia .NET 8 (msingi ambao programu hujengwa juu yake) wakati 2024 na za kabla zilitumia .NET Framework, kwa hiyo programu ndogo mlizojiandikia lazima ziundwe upya.

SWALI: Sisi tunaacha Revit na kuhamia programu ya Archicad kabisa. Je, skripti hizi zitatusaidia? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Nusu ya kwanza tu, ile ya orodha na kufungua. Badala ya SaveAsCloudModel mtaamuru kutoa IFC, kiwango kinachojulikana kama ISO 16739. IFC inabeba umbo na sifa za vipengele, haibebi akili ya familia za Revit: dirisha linafika, lakini hulibadilishi upana kwa kuandika namba. Shiti na mionekano havifiki. Wekeni alama kwenye chaguo la kutoa vipimo vya msingi, la sivyo maeneo na ujazo havitakuwamo. Kwa miradi iliyokwisha kujengwa, hifadhini RVT, IFC na PDF za shiti zote na msihangaike kuichora upya. Archicad ianze na miradi mipya.

SWALI: Mimi ni mkadiriaji majenzi. Jedwali langu la gharama limeunganishwa na vipengele vya modeli kwa vitambulisho vyake. Wasanifu wakihama, je, nitaanza upya? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Hapana, dada, kama wamehama kwa njia tuliyoeleza. Kinachobadilika ni GUID ya modeli. UniqueId ya kila ukuta, nguzo na mlango inabaki ileile modeli ikitengwa na kuhifadhiwa mahali papya. Waombe lile jedwali lao la GUID za zamani na mpya, ubadilishe safu ya modeli kwenye faili lako, uache safu ya vipengele. Wakiamua kutoa IFC, kitambulisho cha herufi 22 kilichomo hutengenezwa kutokana na UniqueId hiyohiyo, kwa hiyo unaweza kukifuatilia. Hatari kwako ni mbunifu anayefungua modeli tupu na kunakili kila kitu kutoka ya zamani na kubandika. Vipengele vilivyobandikwa hupata vitambulisho vipya vyote, na hapo utaanza upya kweli. Waambie kabla ya Ijumaa ile.